Kurudi studio ukiwa mzee: vile tulirekodi albamu ya rock Kisumu baada ya miaka mingi kimya

Hii naiandikia yule mtu ambaye kitambo alikua kwa bendi, akaacha, na mpaka leo akisikia gitaa mahali kifua kinambana. Najua mko wengi, juu tangu albamu yetu itoke nimepigiwa simu na watu wa Nakuru, wa Kakamega, mpaka mwalimu mmoja huko Bungoma, na wote wanauliza studio gani, bei gani, prodyuza nani. Hakuna hata mmoja ameniuliza kuhusu vidole, koo, masikio na karatasi, na hizo ndizo zilikula muda wetu mwingi na zikanitoa machozi kuliko studio yenyewe. Ukiingia studio kazi kubwa inafaa ikue imeshaisha. Wacha nieleze vile ilienda kwetu, na pesa nitataja, sitaficha.

Bendi ilianzia Nakuru miaka ya tisini. Tulikua tunapiga kwa mahoteli na baa wikendi, nyimbo za watu wa nje, na katikati tunapenyeza zetu mbili tatu. Tukarekodi kaseti moja, tukaiuza mkono kwa mkono mpaka ikaisha, halafu maisha yakatutawanya. Mtu wa besi akabaki Nakuru na biashara ya spea, mtu wa drams akarudi kwao Luanda, Vihiga, mimi nikapata kazi Kisumu. Kisumu ni mji wa benga, rumba na ohangla, na mimi nimezipenda zote, gitaa ya benga imenifunza mengi, vile solo inaruka huko juu ikifuata nyatiti, ile ala ya Waluo ya nyuzi nane. Lakini ile sauti ya gitaa nzito, ampu (ile spika ya kukuza sauti ya gitaa) ikiwa moto, sijawahi pata kitu kingine cha kujaza hiyo nafasi. Na nikakaa hivyo miaka, gitaa iko nyuma ya kabati, watoto wanakua, naenda kazi narudi.

Nikikaribia kustaafu mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hiyo gitaa ni uipige ama uiuze, lakini usiendelee kuiangalia hivyo." Nikampigia mtu wa besi usiku huo huo. Mtu wa drams hatukua tena naye, tulimzika miaka kadhaa nyuma, na hiyo nitairudia.

Nilijipa moyo na wakubwa wa hii mziki. David Bowie alikaa miaka 10 bila kutoa albamu, 2003 mpaka 2013. Rolling Stones walikaa miaka 18 bila albamu ya nyimbo zao mpya, 2005 mpaka 2023, na wakati wanarudi Mick Jagger alikua ashafikisha miaka 80. Hao wako na mameneja na walimu wa sauti, sisi tulikua na mkopo wa sacco, lakini koo ya mzee ni koo ya mzee hata akiwa na pesa, kwa hivyo inawezekana.

Sasa vidole. Ukiacha gitaa muda mrefu zile sugu za ncha za vidole zinaisha zote, na nyuzi za chuma zinakukata siku ya kwanza tu. Kuna jamaa namjua alirudi kwa hasira, akapiga masaa matatu mfululizo, kesho yake hakuweza kushika hata kikombe. Nilienda kwa daktari wa mazoezi ya viungo kabla sijaanza, akaniambia dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kiganja kikianza kuuma unaweka chini, hata kama uko katikati ya wimbo. Sugu zinarudi kwa wiki chache, lakini mishipa ya mkono ndio inachukua miezi, na hiyo huwezi kuikimbiza. Gitaa yenyewe pia ni mgonjwa. Hapa Kisumu karibu na ziwa unyevu uko juu, shingo ya gitaa inapinda, skrubu zinashika kutu, na hizo switchi za ndani zinaanza kukwaruza. Fundi wangu alizungusha ile chuma ya ndani ya shingo robo raundi tu, akaiacha ilale, kesho akarudia tena robo. Mtu akizungusha raundi nzima kwa mara moja mkatalie, inaweza kupasuka mbele yako.

Koo ndio iliniuma zaidi. Nilikua naimba kwa ki ya E (ki ni ile noti ya msingi ambayo wimbo umesimama), juu kabisa, na nilijua hiyo sauti kama jina langu. Siku nilijaribu kuimba wimbo wetu wa kwanza nikiwa pekee kwa nyumba, ile noti ya kiitikio haikutoka. Nilikaa kwa kiti muda mrefu. Sauti ikizeeka noti za juu zinakua ngumu na inapoteza wepesi, na hakuna tangawizi itairudisha kwa ya miaka 28. Nikaamua nyimbo zote zishuke toni nzima, E ikue D. Hapa kuna siri ya gitaa ya rock ambayo vijana wengi wa studio hawaijui: ukishusha ki kwa kuhamisha vidole tu, zile nyuzi za wazi zinazovuma chini unazipoteza na wimbo unakua mwembamba. Shusha gitaa yenyewe, nyuzi zote toni nzima, ndio upige zile shepu za zamani. Lakini nyuzi zikilegea zinaanza kuyumba, kwa hivyo nilitoka kwa seti nyembamba ya 9 nikaenda nene ya 11, na fundi akapanua kidogo zile njia za nyuzi pale juu ya shingo. Wimbo ukashuka, ukakua mzito, na kusema ukweli sasa unanibeba vizuri kuliko zamani. Ukijaribu kufukuza ile sauti yako ya kaseti utachoka na wasikilizaji watakuskia ukichoka.

Masikio msicheze nayo. Wataalamu wanasema kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo masaa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, yani ukifika 100 umebaki na dakika 15 hivi. Chumba kidogo cha mazoezi, drams na ampu mbili, hiyo 100 mnaipita bila kujua. Sikio langu la kushoto linalia filimbi usiku, hilo ndilo lilikua upande wa matoazi ya drams miaka yote ile. Nilipimwa kabla ya kuanza, nikaonyeshwa kwa karatasi zile sauti za juu sizisikii vizuri, na hiyo karatasi ilituokoa baadaye, juu wakati wa kumiksi, yani kusawazisha vyombo na sauti zikae pamoja, nilikua naomba matoazi yaongezwe, kijana wa studio akanikumbusha kwa heshima, "Mzee, ni sikio lako." Tangu siku hiyo maamuzi ya sauti za juu nilimwachia yeye na mtu wa besi. Vizibo vya masikio ni bei ya chakula cha mchana. Nunueni kabla ya nyuzi.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo.

Nyimbo tatu kati ya zile tulitaka kurekodi upya tulitunga pamoja na marehemu mtu wa drams. Watu wengi waliniambia wee rekodi tu, nani atauliza. Nilikataa, na sheria pia inakataa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hiyo haki inarithiwa vile mali ingine inarithiwa. Yani sehemu yake sasa ni ya watoto wake na mama yao. Na mtu akikupa haki yake lazima iandikwe na aweke sahihi, maneno ya mdomo hayabebi kitu.

Tukapanda gari na mtu wa besi mpaka Luanda, halafu boda mpaka nyumbani kwake. Tulikua tumebeba sukari, mkate, majani, na karatasi nimeandika kwa Kiswahili rahisi, siyo ile Kiingereza ya mawakili. Shemeji, mjane wa marehemu, alitupokea vizuri, akatuwekea chai, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Shemeji, mmekuja kwa ajili ya ile kaseti?" Kumbe mumewe alikua anaipiga kila Jumapili jioni mpaka redio ikaharibika. Akaingia chumbani akatoka na mfuko wa plastiki, ndani iko kaseti na daftari ya shule yenye maneno ya nyimbo kwa mwandiko wake, na beti mbili ambazo sisi hatujawahi kuziskia. Mtu wa besi alitoka nje. Mimi nilibaki nimeshika hiyo daftari sijui niangalie wapi.

Hatukusaini siku hiyo. Nilimwomba aite kijana wake mkubwa na shemeji zake, wasome, waulize, wapate barua ya chifu inayoonyesha warithi ni akina nani, halafu turudi. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Ukisainisha mjane peke yake sebuleni na unamwona analia, hata kama una nia nzuri, kesho ndugu watakuja na watakua na haki ya kukasirika. Tuliporudi tuligawa wazi: zile nyimbo tatu utunzi nusu ni wa familia, nusu yetu, na zile beti mbili tukaziweka kwa wimbo mpya ambao utunzi wa maneno ni wake marehemu. Kijana akauliza swali nzuri sana, na show je? Tukaandika pia, kwamba show ni malipo ya wanaopiga, lakini rekodi na milio ya simu inagawanywa. Haki ziko za aina tatu na watu huzichanganya: mtunzi, anayepiga ama kuimba, na mwenye rekodi, yani aliyelipia studio. Ndio maana Kenya kumekua na MCSK ya watunzi, PRISK ya wanaopiga na KAMP ya wenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa zote tatu, sisi tulikua tunazigawana, na bila karatasi tungegombana. Nyimbo pia unaweza kuzisajili kwa mtandao KECOBO, ile ofisi ya serikali ya hakimiliki, hakuna anayekulazimisha, lakini siku ya ubishi unakua na kitu mkononi.

Ile kaseti yenyewe. Yangu ilishikwa na maji zamani, ya marehemu ndio ilibaki peke yake, na ilikua haichezi, inatoa sauti ya mbali kama mtu anaimba chini ya blanketi. Msiitupe kaseti kama hiyo na msiilazimishe kwa redio. Nyuma ya utepe kuna kipande kidogo cha sponji kinachousukuma kwa kichwa cha kusomea, na gundi yake ikikauka kinaanguka. Tulifungua skrubu tano, tukatoa magurudumu mawili na utepe wake polepole mezani bila feni, tukayahamisha kwa ganda la kaseti ingine ya bei rahisi ambayo sponji yake ni nzima. Tukasafisha kichwa cha redio na spiriti, tukakipinda kidogo na bisibisi mpaka sauti za juu zikafunguka, ndio tukaingiza kwa kompyuta. Jambo lingine, kaseti huwa haikimbii kasi sawa. Yetu ilikua inasomeka katikati ya E na F, na mtu wa besi karibu aape kwamba siku zile tulikua tunapiga juu zaidi. Hapana, ni redio iliyorekodi ilikua na kasi yake. Pima kwanza kabla hujaamua eti ki ya zamani ilikua gani.

Studio sasa, na hapa nitaenda haraka. Kwa drams tulipata kijana wa Nyalenda, anapiga kanisani, mkono mzuri sana. Siku ya kwanza iliharibika, ampu yangu ilikua inavuma mwanzo mpaka mwisho, na shida haikua gitaa, ni soketi za ile nyumba hazikua na waya ya ardhi. Tulilipa siku nzima tukatoka bila kitu. Tukahama. Kabla ya kulipa studio yoyote nenda na gitaa yako, chomeka, ongeza sauti, usiguse nyuzi, skiza. Dakika mbili zinatosha. Uliza pia stima ikipotea kuna UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta, ama mtaanza upya. Na angalia juu: mabati bila dari, mvua ya Kisumu ikianza saa tisa ya mchana hakuna maikrofoni itaskia kitu kingine. Vokali zote nilirekodi asubuhi, na feni imezimwa, nikitoka hapo shati imelowa.

Ubishi wetu mkubwa na kijana wa studio ulikua kliki, ile metronomu inayogonga kwa sikio. Yeye alitaka kila kitu kiwe kwa kliki ndio aweze kukata na kupanga. Sisi tulijifunza kupiga tukiangaliana, kiitikio kinakimbia kidogo, beti inarudi nyuma, na hiyo ndio pumzi ya rock. Tulipatana hivi: nyimbo mpya kliki, zile za zamani drams na besi na gitaa ya kwanza zinarekodiwa pamoja laivu bila kliki, halafu solo na sauti zinawekwa juu yake. Skizeni albamu mtaskia tofauti. Kwangu zile za laivu ndio zina uhai, na hata yeye mwenyewe sasa anasema.

Pesa. Siku ya studio tulilipa Ksh 12,000. Kumiksi Ksh 6,000 kwa wimbo, kumasta, ile hatua ya mwisho ya kuweka sauti ya wimbo sawa kabla ya kutoa, Ksh 2,500, nyimbo ni 9. Ukiongeza chumba cha mazoezi, nyuzi, fundi, nauli ya mtu wa besi kutoka Nakuru, chakula, picha ya kava, tulipita Ksh 250,000, na mimi na mtu wa besi ndio tulibeba. Mkopo bado nalipa. Lipia miksi kwa wimbo, siyo kwa saa, na muandike marekebisho ni mangapi ndani ya hiyo bei. Kijana wa drams tulimlipa pesa yake kila siku jioni, mkononi. Usimwambie mtu asubiri albamu iuze, haki ya Mungu msifanye hivyo, hii mziki imeua urafiki mwingi kwa hiyo sentensi moja.

Wakati wa kumasta kijana mwingine alitaka kuipandisha sauti mpaka mwisho, ndio "ishindane." Spotify inasawazisha sauti za nyimbo zote mpaka karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hivyo ukiifinya sana inashushwa tu huko, na umeshaua ile nguvu ya drams. Tukakataa.

Kutoa. Tulipitia kwa kampuni ya mtandaoni inayosambaza kwa Boomplay, Spotify na kwingine, unalipa kwa mwaka. Kuna bendi ingine nje yenye jina kama letu, na nyimbo zetu zikatua kwa ukurasa wao, picha zao, kila kitu, na kuzirudisha ilichukua barua nyingi. Tafuta jina lako huko kote kabla ya kutuma, na ukikuta liko ongeza neno. Tuma wiki nne kabla. Spotify wanataka wimbo uwe umeingia angalau siku 7 mapema ndio uuombee nafasi kwa pleilisti zao, na wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 kwa mwaka hawaulipi. Pia mara moja inahesabiwa baada ya sekunde 30, na sisi watu wa rock tunapenda kuanza na gitaa dakika nzima. Singo tuliikata mwanzo, ile ndefu ikabaki kwa albamu.

Pesa ya maana mpaka sasa imetoka kwa show na Skiza, ile huduma ya milio ya simu ya Safaricom. Kwa milio ya simu, sheria ilirekebishwa 2022 na sasa mwenye haki anafaa kupata si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na yule wa katikati anayeingiza wimbo 8.5. Kuna mmoja wa katikati alituletea mkataba wa asilimia ingine kabisa, karatasi imeandikwa vizuri na nembo. Tukamrudishia bila sahihi. Zijueni hizo namba kichwani kabla ya kukaa na mtu.

Malipo ya kwanza yakiingia hayakua mengi, tuligawa vile tuliandika, na shemeji wa Luanda akapata yake kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Sasa tunajiandaa kupiga Nakuru mara ya kwanza tangu tisini, huko tulianzia, na kijana wa drams nimemwambia hapandi jukwaa kabla apimwe masikio na anunuliwe vizibo. Bado anakataa, lakini mamake yuko upande wangu.